Siku Sita za Kumgusa Popi

Hebu fumba macho kidogo, uone mahali ninapokupeleka. Ni Sultan Hamud, mwaka wa sabini na sita, Jumamosi saa nne asubuhi. Treni ya mizigo imepita kwenda Mombasa na vumbi lake bado halijatua. Mbele ya kibanda cha Othman kuna benchi refu lililotengenezwa kwa taruma kuukuu la reli, jeusi na zito. Othman, ambaye babu yake aliletwa huku na kazi ya reli kutoka Pwani, ameketi kwenye kigoda chake. Birika la kahawa liko juu ya makaa, na juu ya paja lake amelala paka wa kijivu anayeitwa Karafuu. Mwisho wa benchi upande wa kushoto yuko Mwangangi, tuliyemwita Signali, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuinua na kushusha ishara za treni. Mwisho wa kulia yuko Muthama, tuliyemwita Dipu, kwa kuwa ndiye aliyesimamia josho la mifugo kijijini kwao. Katikati niko mimi, mwalimu wa darasa la kwanza. Mimi niliitwa Mwalimu tu, hawakujisumbua kunitafutia jina lingine. Bado mmoja. Huwezi kumwona, lakini sikiliza: kuna kengele ya mbuzi inavuka reli.

Kengele hiyo haikuwa ya mbuzi. Ilikuwa shingoni mwa Popi tangu zamani alipokuwa bado akishikika, mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, aliyepewa jina la kitoto akiwa mdogo na akakua nalo. Nyuma yake, hatua mbili, alikuja Musembi. Macho ya Musembi yalikuwa yameingia ukungu kwa miaka mitatu. Aliweza kujua mwanga na kivuli, na aliweza kumtofautisha mtu na nguzo kama mtu huyo alisogea. Kengele ya Popi ndiyo iliyomtoa nyumbani, ikamvusha reli, ikamvusha barabara kuu yenye malori, ikamfikisha kwenye benchi letu. Popi akisimama, Musembi alisimama. Popi akienda, alikwenda. Lakini hawakugusana. Popi alikuwa hakubali mkono wa mtu yeyote, hata wa Musembi. Ukinyoosha mkono tu, midomo yake inapanda na unaona meno yote.

Siku hiyo Musembi alifika bila salamu.

— Mmesikia lile gari la spika? akauliza.

Tulikuwa tumelisikia. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia upande wa Malili. Ijumaa ijayo kila mbwa aletwe uwanja wa stesheni achanjwe, na mwenyewe ndiye amshike. Mbwa asiyeletwa, au asiyeshikika, angepigwa risasi.

— Sasa mimi nitamshika vipi Popi? Musembi akasema. Akaketi kwa kupapasa benchi. Popi akalala kwenye jua kali, mbali, kama kawaida yake. — Wakimpiga risasi, mimi nimekwisha. Nitaketi nyumbani kama gunia.

— Hakuna mtu anapiga mtu risasi, akasema Signali. Hiyo mbwa inataka akili tu. Mimi nikiwa Kibwezi tulikuwa na mbwa ya stesheni masta, kali kuliko hii. Unajua tulifanya nini? Tulipuliza filimbi ya treni karibu na sikio yake. Mara tatu. Ikalala kama kuku.

— Ililala ama ilikufa? akauliza Dipu.

— Ililala! Baadaye ndio ilikufa.

— Wewe Signali kila kitu kwako ni filimbi. Sikiza, Musembi. Mnyama ni mnyama. Ng'ombe akileta ukaidi mimi namfunga kamba miguu ya mbele, namwangusha, kwisha. Tafuta wanaume sita na kamba ya mkonge.

— Watakwenda sita warudi wanne? Othman akauliza huku akimimina kahawa.

— Basi tumpe pombe, akasema Dipu. Kibuyu kizima. Mbwa mlevi hajui sindano.

— Mbwa mlevi anapiga kelele kama wewe, Signali akajibu. Afadhali tumpakie behewa la gadi, lile la mwisho, aende mpaka Mtito Andei, arudi, aende tena, arudi. Ijumaa akishuka hapa kichwa kinamzunguka, hajui stesheni, hajui jina lake, hajui hata meno yake yako wapi.

— Na mimi nani atanivusha barabara wiki yote hiyo? Musembi akauliza.

Signali hakuwa amefikiria hilo. Alikunywa kahawa yake polepole ili aonekane anafikiria.

— Mwalimu, wewe ulisoma, Dipu akaniambia. Mtoto mkaidi huwa unamfanya nini?

Nilisema kwamba mara nyingi mtoto mkaidi huwa ni mtoto mwenye hofu. Dipu akapiga paja lake akacheka.

— Hofu! Hiyo mbwa ndiyo inatutia sisi hofu! Mnajua dawa yake? Tumrudishe tu dipu. Dawa ya dipu inatuliza. Mbuzi wangu wakitoka pale ni wapole kama watu wa kwaya.

Hapo ndipo Popi, aliyekuwa amelala mbali, aliinua kichwa. Labda ni sauti ya Dipu iliyopanda. Aliinuka, akasogea hatua kumi zaidi, akalala tena akiwa ametugeuzia mgongo.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja ameketi mwisho wa kibaraza cha Othman, juu ya mfuko wake, anasubiri basi. Alikuwa ameomba kikombe cha kahawa na kutuambia anaitwa Kaluki, kwao ni Kitui, ni mkunga, na alikuwa ametoka Mbumbuni kumzalisha binti yake. Hatukuwa tumemwuliza zaidi, kwa sababu tulikuwa na kazi ya kubishana. Aliweka kikombe chini.

— Wazee, naomba niulize. Huyo mbwa aliguswa mwisho lini, na alikuwa anafanywa nini?

Dipu akaangalia viatu vyake. Signali akaangalia reli. Musembi ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

— Miaka minne, mwaitu, mama yangu. Wakati huo nilikuwa naona. Alikuwa na kupe wengi sana masikioni na shingoni. Ilikuwa siku ya mbuzi kuoga dipu. Nikasema, si mbwa pia ana kupe? Nikamwita. Akaja anatingisha mkia. Nikamshika shingo, nikampa huyu Muthama, na Muthama akamtupa ndani na mbuzi.

— Kupe walikufa, Dipu akasema.

— Walikufa, Musembi akakubali. Na yeye alipotoka ile ng'ambo hakurudi nyumbani siku tatu.

Mama Kaluki hakutucheka wala hakutukemea. Aliuliza swali la pili kama vile anauliza basi litafika saa ngapi.

— Na tangu hiyo siku, nani amemgusa bila kutaka kumfanya kitu?

Rafiki yangu, nimeulizwa maswali mengi maishani. Mkaguzi wa shule amewahi kuniuliza maswali mbele ya watoto. Lakini jibu la hili nililitafuta katika miaka minne ya kuketi na mbwa yule asubuhi na jioni, na sikulipata.

Mkono mmoja tu ndio uliokuwa ukitembea pale barazani, na mwenyewe hakujua. Ulikuwa mkono wa Othman, mgongoni mwa Karafuu.

— Na wewe baba wa kahawa, Kaluki akasema, huo mkono wako unafanya nini?

Othman akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

— Huu? Haufanyi kitu.

— Basi ndio huo.

— Aiee! Signali akaruka. Mwaitu, huyu Othman mbwa akipita karibu anakunja kanzu! Huyu ndiye atufundishe?

— Dini yangu imeniambia nioshe pale ulimi wake ulipogusa, Othman akasema bila haraka. Haijaniambia nimtese.

Kaluki akamgeukia Musembi.

— Mzee, weka kidole juu ya ngozi inayofunika jicho lako. Jicho lenyewe usilibonyeze. Sogeza ile ngozi tu, izunguke. Umesikia uzito huo?

Musembi alifunga macho yake mabovu na kuweka kidole. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

— Nimesikia. Ni kama hakuna.

— Huo ndio uzito. Usiongeze. Mama anayeogopa akija kwangu, nikikimbilia tumbo, tumbo linakuwa jiwe na mtoto hapiti. Kwa hiyo naanza begani. Mkono unafika, unakaa, hauna haraka ya kwenda mahali. Ninasogeza ngozi duara moja dogo, naongeza kidogo kama robo, naacha. Naenda kando, duara lingine. Na huyo mbwa usianze kichwani. Mkono ukitoka juu ni jiwe linaanguka. Mpe mgongo wa kiganja, chini, na uangalie pengine.

— Huyu hana shida ya kuangalia pengine, akasema Signali. Hata Musembi alicheka.

— Akikubali bega, siku nyingine nenda masikio. Vuta polepole toka mzizi mpaka ncha, kama unanyoosha uzi wa kikapu cha chondo. Na neno lingine: toa mkono wewe kwanza, kabla hajaondoka yeye. Mwache abaki akitaka.

— Na sindano? Musembi akauliza.

— Siku ya sindano mfunge leso kifuani, si ya kumbana. Mtoto akifungwa vizuri mgongoni huacha kulia hata kama hajashiba.

Basi likafika. Tulimpandishia mfuko wake juu, naye akaenda, na hatukumwona tena. Dipu alilisindikiza basi kwa macho mpaka likapotea.

— Mnaonaje? Alikuwa anatucheka?

Tukarudi kwenye kahawa yetu.

Jumapili baada ya kanisa Musembi hakuketi kwenye benchi. Aliketi chini, mavumbini, na suruali yake ya kanisani, mkono umening'inia juu ya goti kama kitu alichosahau. Popi alikuwa mbali. Popi akilala kengele hailii, na kengele isipolia Musembi hawezi kujua alipo. Basi Signali akajipa kazi. Alikuwa akitangaza kwa sauti ya chini, kama zamani alipokuwa akipokea habari za treni kutoka stesheni moja hadi nyingine, na umbali wa Popi aliupima kwa stesheni za njia ya kutoka Mombasa mpaka kwetu.

— Iko Voi, akasema. Imelala.

Baada ya nusu saa:

— Imetoka Voi. Mtito Andei. Inanusa.

— Anatazama wapi? Musembi akanong'ona.

— Inatazama mkono wako. Usigeuke! Wewe ni stesheni, stesheni haigeuki. Kibwezi sasa. Kibwezi… Kibwezi… Imelala Kibwezi.

Siku hiyo treni haikupita Kibwezi. Tulirudi nyumbani tumechoka kama watu waliosukuma behewa.

Jumatatu nilikuwa darasani. Niliinua mkono kufuta ubao, na Mbula, mtoto mdogo aliyeketi mbele, akakunja mabega. Sikuwa nimemfanya kitu. Siku hiyo sikuwa nimemfanya kitu. Nilishusha mkono, nikasimama pale na vumbi la chaki vidoleni, na watoto wakadhani nimesahau somo. Jioni niliwaambia wenzangu. Othman peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. Wengine walikuwa wakimtazama Popi, ambaye alikuwa amefika Makindu, na kengele yake ilikuwa ikilia taratibu, hatua moja, kimya, hatua moja.

Ndipo Dipu akafika kutoka kazini. Kabla hajaketi, Popi alikuwa ameruka na kuvuka reli, kengele ikipiga kelele.

— Imerudi Mombasa, akasema Signali kwa huzuni.

— Muthama, akasema Musembi kutoka pale chini. Naomba uketi mbali.

— Mimi? Niketi mbali? Nimeketi kwenye benchi hii miaka kumi na moja!

— Unanuka dipu.

— Mwanaume ananuka kazi yake!

— Ni kweli. Lakini kazi yako ndiyo ile.

Dipu alisimama. Nilidhani atakwenda nyumbani na urafiki utakwisha. Badala yake alichukua kikombe chake, akavuka barabara ndogo, akaketi juu ya jiwe karibu na ghala, peke yake, ametukasirikia wote. Kila kahawa ilipokuwa tayari Othman alikuwa akivuka kumpelekea, halafu anarudi.

— Anasemaje? Signali akauliza.

— Anasema sukari kidogo.

— Kahawa yako haina sukari.

— Ndiyo maana nasema amekasirika.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, Signali alitangaza Emali. Halafu akaacha kutangaza. Nilipomtazama, kidole chake kilikuwa juu na mdomo wazi, kama mtu aliyeona treni mbili kwenye njia moja. Pua ya Popi ilikuwa imegusa mgongo wa kiganja cha Musembi.

Musembi hakusogea. Alisubiri. Kisha vidole viwili vikageuka polepole, vikapata bega, vikazunguka mara moja na robo, vikaacha. Akatoa mkono yeye kwanza. Popi alibaki amesimama pale, akiutazama ule mkono ulioondoka.

— Imeingia stesheni, Signali akanong'ona, na akafuta macho yake, akisema ni vumbi la reli.

Jumatano Popi alikaa karibu saa nzima, nusu amelala, nusu tayari kukimbia. Musembi alikuwa akisoma mwili wake polepole, duara baada ya duara, na kila mara alitoa mkono kabla hajaombwa. Mara mkono ukasimama.

— Mwalimu, kuna kitu hapa. Ubavu huu ulivunjika ukaungana vibaya. Una kifundo.

— Aligongwa na gari? Othman akauliza.

— Sijui. Mimi nisingejua? Siku zote nilikuwa naye.

Sauti ilitoka ng'ambo, juu ya jiwe. Hatukujua Dipu anasikia kila neno.

— Aligonga ukingo wa simiti, akasema. Nilimtupa vibaya. Nilisikia ubavu ukilia. Sikuwaambia.

Mkono wa Musembi ulikuwa bado juu ya kifundo kile, hausogei. Nilitazama kama atapiga kelele. Hakupiga, kwa sababu Popi alikuwa chini ya mkono, na kelele yoyote ingempitia mbwa kwanza.

— Miaka minne, Muthama, akasema polepole. Unakunywa kahawa na mimi.

— Ndiyo.

— Na Jumamosi unaniambia nimrudishe dipu.

— Nilikuwa natafuta kucheka, Dipu akasema. Akageuza kikombe chake juu ya jiwe na kwenda zake.

Alhamisi Dipu hakuja. Musembi alifika masikioni. Kavata, mkewe, ambaye wiki nzima alikuwa akisema mumewe amerogwa na mwanamke wa Kitui, alileta leso yake ya zamani akaitupa juu ya benchi.

— Mkimaliza wazimu wenu msiirudishe na viroboto, akasema. Halafu akasimama nyuma ya kibanda, anachungulia, mpaka jua likaanza kushuka.

Ijumaa uwanja wa stesheni ulijaa. Kulikuwa na Landrova, meza, kijana wa mifugo mwenye koti jeupe, na askari mmoja mwenye bunduki aliyekuwa akijaribu kutotazamana na watu. Kulikuwa pia na fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya mwishoni. Kabla ya zamu yetu mbwa wawili walikuwa wamepelekwa nyuma ya ghala, na mlio wa pili ulikuwa bado masikioni mwetu Popi alipofika mbele ya meza, kengele ikitetemeka bila kukoma, leso ya maua mekundu imefungwa kifuani. Watu walicheka. Mtu mmoja aliuliza kama mbwa anaenda harusini.

Kijana wa mifugo hakucheka. Aliona meno.

— Mzee, sogea. Huyu tutamtia kitanzi.

— Naomba nimshike mwenyewe, akasema Musembi.

— Mzee, hata huoni! Akikuuma nitasema nini? Leta fimbo.

Popi aliiona fimbo ikija kutoka juu. Alinguruma, na askari akaishusha bunduki kutoka begani.

Mtu alipenya kutoka nyuma ya umati. Alikuwa amevaa shati jipya, amenyoa, ananuka sabuni. Sikumjua mpaka aliposema.

— Daktari, ngoja kwanza.

— Muthama? Kijana alimjua, maana ofisi yao ndiyo iliyosimamia kazi ya josho. — Wewe unataka nini?

— Huyu mbwa hakuzaliwa hivi. Mimi nilimtupa kwenye dipu na mikono yangu, nikamvunja ubavu, na sikuandika mahali popote. Dipu ya serikali si ya mbwa, na sheria naijua. Andika jina langu, uniandikie barua, sawa. Lakini huyo mzee mpe dakika tano.

Uwanja wote ulisikia. Nilimtazama Dipu akisimama pale, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa mbele. Ile kazi ndiyo iliyowalisha watoto wake wanane.

Kijana alimtazama yeye, akamtazama mbwa mwenye leso, akalaza fimbo chini.

— Dakika tano, akasema. Na watu wanyamaze.

Musembi akapiga magoti. Mkono ukafika begani, ukakaa. Duara moja na robo. Kando kidogo, duara lingine. Kengele ilikuwa ikilia haraka haraka, kama baiskeli inayoshuka mlima. Halafu ikalia kwa kupumzika. Halafu mara moja moja. Nilisikia Signali karibu yangu akitaja stesheni bila sauti, midomo tu. Vidole vya Musembi vikapanda kwenye sikio, vikavuta toka mzizi mpaka ncha, na kengele ikanyamaza.

— Sasa, akasema Musembi.

Sindano ikaingia pajani. Popi aligeuza kichwa kwa kasi, mdomo ukafunguka, na meno yakashika kifundo cha mkono wa Musembi. Askari akainua bunduki. Musembi hakuvuta mkono. Mkono wake mwingine haukuacha kunyoosha sikio. Popi aliyashikilia meno yake pale, hayabani, hayaachi, kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Kisha akaachia, akalamba mahali alipokuwa ameshika, akalaza kidevu juu ya goti la mzee.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani sote tuliogopa kumshtua.

Kijana wa mifugo alichukua kadi.

— Jina la mbwa?

— Popi.

— Rangi na alama?

Musembi akafikiri.

— Rangi yake niliijua zamani. Siku hizi siwezi kuapa. Andika hivi: sikio la kushoto, ncha yake imekatika, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Ubavu mmoja una kifundo. Chini ya kidevu ana mahali laini, ukipagusa anashusha pumzi. Mguu wa nyuma, wa kulia, ni baridi kuliko mingine mitatu.

Kijana aliinama, akatazama sikio la kushoto. Kisha akaandika, na mstari wa kadi haukutosha, akageuza nyuma akaendelea.

Dipu alipata barua yake mwezi uliofuata, akahamishwa kwenda josho la mbali. Lakini Jumamosi ile, kesho yake ya chanjo, alikuja tukanywa kahawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake. Musembi alipapasa benchi pembeni yake, akagonga mara mbili kwa kiganja, na Dipu akavuka barabara. Popi alinyanyuka, akasogea mpaka upande wa pili wa miguu ya Musembi, akalala tena. Zaidi ya hapo hakuwahi kumpa Dipu kitu, na Dipu hakuomba.

Wote wametangulia sasa, na treni ya abiria haisimami tena pale kama zamani. Kadi ile Kavata aliitunza ndani ya Biblia yake, na siku moja alinionyesha, wino umefifia, maneno yamejaa mbele na nyuma.

Miaka minne mimi niliketi na mbwa yule, asubuhi na jioni, nikiwa na macho mawili mazima. Kwa hiyo, katika yote niliyokusimulia, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: lile sikio la kushoto lenye ncha iliyokatika, ambalo mtu wa kwanza kuliona alikuwa Musembi.